Badili Mfumo, Acha Ruti

Peleka simu yako Rue d'Ambiance, hapa Butembo, useme tu kwamba inachelewa. Meza ya kwanza utakayoifikia itakujibu: "Mama, tunaiflashi tu, saa kumi unakuja kuichukua." Utalipa, utarudi saa kumi, utaikuta inawaka upesi na picha mpya kwenye skrini, na hakuna atakayekueleza ni kazi gani iliyofanyika ndani yake.

Kazi zinazoitwa kuflashi pale mezani ni tatu, na hazifanani. Ya kwanza ni kurudisha mfumo uleule uliotoka kiwandani, ukiwa safi. Ya pili ni kuondoa mfumo wa kiwanda na kuweka uliotengenezwa na watu wengine, kama LineageOS. Ya tatu ni kuiruti simu, yaani kuvunja ngazi za ruhusa zilizomo ndani ya Android ili mwenye simu, na programu yoyote atakayoikubalia, apate mamlaka ya kusoma na kubadili kila kitu. Mafundi wengi huzifunga zote tatu katika fungu moja. Miaka ya 2011 na 2012 walikuwa na sababu: simu nyingi hazikukubali rikavari ya kigeni, ile sehemu ndogo ya kufutia data na kuingizia mfumo, mpaka kwanza ziwe na ruti. Sababu hiyo imekwisha zamani, mazoea yamebaki.

Msimamo wangu ni huu. Kama unatafuta simu safi, nyepesi, au yenye Android mpya kuliko ile iliyokuja nayo, ruti haikusaidii lolote, na mara nyingi hata mfumo wa kigeni hauhitajiki. Ruti inakuondolea ulinzi mmoja ambao hauonekani mpaka siku umekosekana: kila programu kukaa katika eneo lake bila kuchungulia la mwenzake. Vijana wetu wa Mususa hupeana programu kwa Xender na Bluetooth bila kuuliza zimetoka wapi. Kwenye simu isiyo na ruti, programu mbaya itakusumbua kwa matangazo, na itasoma tu ulichoiruhusu. Kwenye simu yenye ruti, ukiikubalia mara moja tu, inaweza kusoma ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo ya WhatsApp, na ikajificha mahali ambapo hata kufuta data yote hakuifikii.

Anza kwa kuijua simu yenyewe, wala usitegemee jina lililoandikwa mgongoni. Bidhaa zetu hutoka Guangzhou, Shenzhen au Dubai, zikapita Kampala na Kasindi kabla ya kufika Beni na kupanda huku Butembo, na njiani majina hubadilika. Ingia Paramètres, kisha À propos du téléphone, uandike modeli kamili pamoja na Numéro de build. Chukua Samsung A12. Dukani ni simu moja, lakini kuna SM-A125F yenye chipu ya MediaTek na kuna SM-A127F yenye chipu ya Exynos. Faili la moja haliingii kwenye nyingine. Kwa Tecno na itel hali ni ngumu zaidi, kwa sababu simu mbili za jina moja zinaweza kuwa na skrini za viwanda tofauti. Ukikosea toleo, simu itawaka skrini nyeupe, au utagusa juu ikajibu chini.

Kuna pia Samsung na iPhone za bandia, na hizi ndizo zinazowatesa mafundi wachanga. Ndani ya Paramètres zitajitangaza kuwa Galaxy ya bei ya juu, hata programu za kupima chipu zitadanganywa. Njia ya kuikamata Samsung ya bandia ni kuizima na kujaribu kuingia kwenye hali yake ya kupakia mfumo, ile ya skrini ya buluu inayotumiwa na Odin, programu ya kompyuta ya kuiwekea Samsung mfumo. Samsung halisi itaonyesha skrini hiyo. Ya bandia itakuletea menyu ndogo ya MediaTek yenye maandishi ya Kichina, au haitaonyesha kitu. Usiipakie faili la Samsung, kwani si Samsung.

Ukishaijua, jiulize kama kweli inahitaji kuflashiwa. Simu nyingi zinazoletwa mezani hazina ugonjwa wa mfumo, zimejaa tu. Simu ya GB 16 au 32 ikiwa na video za vikundi kumi vya WhatsApp, vya familia, vya kanisa, vya promosheni ya shule, hubaki na nafasi ndogo, na hifadhi ya bei nafuu ikijaa hivyo huandika polepole. Hakuna romu, yaani mfumo wa kuwekwa upya, itakayotibu hilo. Futa video, ondoa ulichohifadhi mara mbili, uizime na kuiwasha, halafu uitazame tena kwa siku chache.

Ikiwa shida ni programu zilizokuja nazo, zile ambazo kitufe cha Désinstaller hakipo, kuna dawa isiyohitaji ruti wala kufungua chochote. Gusa Numéro de build mara saba ili menyu ya Options pour les développeurs itokee, washa Débogage USB, uunganishe simu na kompyuta yenye adb, programu ya kuiamuru simu kupitia kebo. Andika `adb shell pm list packages` uone majina ya vifurushi vyote, kisha `adb shell pm uninstall --user 0` ukifuatiwa na jina la kifurushi unachokitaka kiondoke. Faili lake linabaki ndani ya mfumo, ila kwako halifanyi kazi tena: halili data wala betri. Ukijuta, `adb shell cmd package install-existing` na jina lilelile vinakirudisha, na ukifuta simu yote vinarudi vyote. Usiguse kifurushi usichokijua kazi yake, hasa vile vyenye maneno systemui, telephony na providers. Kazi hii ya nusu saa imeziokoa itel nyingi ambazo zilikuwa zikielekea kuflashiwa.

Kuna matangazo ya aina nyingine, yale yanayotoka ndani ya mfumo wenyewe, na bando inakwisha wakati simu imelala mfukoni. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilitangaza kwamba imekuta virusi vya Triada na xHelper kwenye simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zikiwaandikisha watu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua. Tecno ilijibu kwamba tatizo lilikuwa la zamani na marekebisho yalikwisha kutolewa. Kwa hiyo kama simu yako ina ugonjwa wa namna hiyo, kuirudishia faili lilelile la zamani ni kuurudisha ugonjwa. Tafuta toleo jipya zaidi la modeli hiyohiyo.

Sasa kurudisha mfumo wa kiwanda. Kazi hii haihitaji ruti, na kwenye simu nyingi haihitaji hata kuifungua butiloda, ile programu ndogo inayoamka kwanza unapobonyeza kitufe cha kuwasha na ambayo hukagua sahihi ya mfumo kama mlinzi wa lango anavyokagua kitambulisho. Mfumo wa kiwanda una sahihi ya kiwanda, basi unapita.

Kwa Samsung kuna Odin na mafaili manne: BL, AP, CP na CSC. Lile la mwisho huja kwa sura mbili. CSC yenyewe hufuta kila kitu. HOME_CSC huacha picha na namba zako. Fundi asiyekuuliza ni lipi atumie, mwulize wewe. Tazama pia mkia wa namba ya toleo. Herufi ya tano kutoka mwisho ni daraja la butiloda, na daraja hilo halishuki: simu iliyofika 4 haikubali faili la 3, hata ubembeleze vipi. Jambo jema ni kwamba faili halali la Samsung haliigusi alama ya Knox. Ukiweka mfumo wa kigeni, alama hiyo hugeuka kutoka 0x0 kwenda 0x1, na hairudi.

Kwa MediaTek chombo ni SP Flash Tool na faili la skata linaloeleza kila sehemu ya hifadhi inaanzia wapi. Simu inazimwa, fundi anabonyeza Download kwenye kompyuta, anachomeka kebo huku ameshika kitufe cha sauti. Mstari mwekundu unapita chini ya dirisha, kisha wa njano unaenda taratibu asilimia kwa asilimia, na mwisho alama ya kijani inatokea katikati. Kabla ya yote hayo, tazama kisanduku kidogo cha kuchagua kilicho juu ya orodha ya mafaili. Kina maneno matatu: Download Only, Firmware Upgrade, na Format All + Download. Hilo la tatu ndilo linalozaa msiba. Linafuta hifadhi yote, pamoja na sehemu inayoitwa NVRAM ambamo IMEI na vipimo vya antena vimeandikwa, na faili ulilopakua halina nakala yake, kwa kuwa kila simu ina yake.

Utaijua simu iliyofanyiwa hivyo. Inawaka vizuri, ila ukifungua orodha ya wifi unakuta mtandao wa ajabu unaoitwa NVRAM WARNING: Err = 0x10. Ukibonyeza *#06# inaleta namba batili au haileti kitu. Laini ya Airtel iko ndani, mtandao hakuna. Hapo fundi wa haraka atakuandikia IMEI yoyote aliyonayo, ya simu iliyokufa au ya mtu mwingine, na utatoka ukishukuru. Usikubali. IMEI ya kuandikwa ni ile iliyo kwenye boksi lako au kwenye karatasi iliyo chini ya betri, hakuna nyingine. Wengi wetu tuliifahamu namba hiyo 2020, Serikali ya Kongo ilipoleta RAM, rejista ya vifaa vya simu, kupitia mamlaka ya mawasiliano ARPTC na unite zikaanza kukatwa kwa kila kifaa. Ushuru ule uliondolewa 2022 baada ya kelele nyingi, lakini namba bado ndiyo kitambulisho cha simu yako popote mtandao unapoitafuta. Bonyeza *#06# leo, na kama simu ni ya laini mbili, uandike IMEI zote mbili kwenye daftari. Na fundi mwenye akili husoma kwanza sehemu za nvram na nvdata kutoka kwenye simu na kuziweka kwenye kompyuta kabla hajaandika hata faili moja.

Umeme pia ufikiriwe. Hapa umeme ukikatika kompyuta isiyo na betri nzuri inazimika palepale, na kama ilikuwa inaandika sehemu ya kuamshia, simu inabaki nyeusi. Kwa MediaTek hilo si kifo, kwa maana ndani ya chipu kuna programu nyingine isiyofutika, na fundi mzuri ataianzia hapo. Kwa simu nyingine unaweza kuagana nayo. Kazi ifanyike kwa kompyuta yenye betri inayofanya kazi na simu yenye chaji zaidi ya nusu. Fundi akitumia kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, mwambie: "Papa, nitarudi siku nyingine."

Kabla ya kufuta chochote, jua akaunti yako ya Google. Hapa kwetu mara nyingi muuza simu ndiye aliyefungua akaunti siku ya kununua, akaweka jina lake na neno la siri analolijua yeye. Simu ikifutwa kupitia rikavari au kompyuta, Android itadai akaunti hiyohiyo; kufuli hiyo ipo tangu Android 5.1 ya 2015, na iliwekwa kwa ajili ya wezi. Mama asiyejua neno lake la siri anageuka mwizi wa simu yake mwenyewe. Weka akaunti yako, hakikisha neno la siri linafanya kazi kwenye simu ya mwenzako, hifadhi nakala ya WhatsApp, ndipo uende mezani.

Tuje kwa wale wanaotaka mfumo wa kigeni kweli. Sababu nzuri ninazozijua ni mbili: kiwanda kimeacha kukuletea masasisho ya usalama wakati simu bado ni nzima, au unataka mfumo mwepesi usio na matangazo ambao adb haikuweza kukupa. Sababu ya "nione tu" nayo inakubalika, ila iwe kwenye simu ya pili.

Kwa wa "nione tu" kuna njia safi. Tangu Android 8 ya 2017, Google iliwalazimisha watengenezaji kutenganisha mfumo na programu za kuendeshea vifaa vya ndani, kwa mpango unaoitwa Treble. Kwa sababu hiyo mfumo mmoja wa jumla, unaoitwa GSI, unaweza kuwaka kwenye simu za viwanda mbalimbali. Na kuanzia Android 10 kuna DSU, inayoweka mfumo huo kando, katika nafasi ya muda, bila kugusa wa kwako. Kwenye simu zilizo nayo utaikuta ndani ya Options pour les développeurs kwa jina Chargeur DSU. Inapakua mfumo wenye sahihi ya Google, unawasha simu kwa mfumo huo, unatazama, na ukiuzima na kuuwasha tena unarudi kwenye wako pamoja na data yako yote. Haihitaji ruti, na kwa mifumo yenye sahihi ya Google haihitaji hata kufungua butiloda. Hasara yake ni upakuaji wa zaidi ya GB 1 na nafasi kubwa ndani ya simu, na menyu hiyo haipo kwenye simu zote. Ikiwa kwako ipo, anza na hiyo. Itakuonyesha bure kama kamera, sauti na mtandao vinakubali mfumo wa jumla.

Kuuweka mfumo wa kigeni moja kwa moja kunadai butiloda ifunguliwe, na hapa ndipo penye gharama halisi. Kufungua kunafuta data yote, bila msamaha. Kuanzia siku hiyo simu za MediaTek zitaonyesha kila zinapowaka onyo la Orange State, kwamba kifaa kimefunguliwa na hakiaminiki, kisha zitasubiri sekunde tano. Mtu akiiokota simu hiyo ana njia fupi zaidi ya kuichezea. Ruti haimo katika hesabu hii: butiloda iliyo wazi na ruti ni vitu viwili, unaweza kuwa na cha kwanza bila cha pili, na ndivyo ninavyokushauri uwe.

Namna ya kufungua inategemea kiwanda. Nyingi zina swichi ya Déverrouillage OEM ndani ya Options pour les développeurs, kisha simu ikiwa katika hali ya fastboot, ile ya butiloda kupokea amri, kompyuta inatuma `fastboot flashing unlock` na unakubali kwa kitufe cha sauti. Xiaomi inataka akaunti yake na kusubiri siku kadhaa, na tangu HyperOS ilipokuja masharti yameongezeka. Huawei iliacha kabisa kutoa namba za kufungulia 2018, kwa hiyo kijana anayekuahidi romu mpya kwenye Huawei ya karibuni anauza maneno.

Kwa Xiaomi nina neno la pembeni. Nyingi zinazoletwa na wafanyabiashara wetu kutoka Guangzhou ni za soko la China, hazina huduma za Google, na mtu katikati ya njia amezifungua na kuziwekea mfumo wa kimataifa, mara nyingine wa kughushi wenye matangazo ndani. Ukiiwasha, tazama chini ya nembo: ukiona kufuli iliyo wazi kwenye simu unayouziwa kuwa mpya, umeshajua. Na kama utairudishia mfumo kwa Mi Flash, chini ya dirisha kuna chaguo la kufuta yote na kufunga. Simu ya China yenye mfumo wa kimataifa ikifungwa namna hiyo inagoma kuwaka, ikisema mfumo huo hauwezi kuwekwa kwenye kifaa hicho.

Kuhusu mfumo wenyewe, LineageOS ndiyo ninayoiamini kwanza. Ilizaliwa mwisho wa 2016 baada ya CyanogenMod kufungwa, na tangu mwanzo haiji na ruti ndani yake. Ina rikavari yake, mfumo unaingizwa kwa `adb sideload`, na huduma za Google ni faili la pembeni linaloingizwa palepale kabla ya kuwasha simu mara ya kwanza. Ukisahau, inabidi ufute uanze upya. Tabu ni kwamba orodha yake imejaa Pixel, Xiaomi, Motorola na Samsung. Wenye Tecno, Infinix na itel, ambao ndio wengi kati ya Kasindi na Butembo, wamebaki na GSI.

Hapo soma jina la faili herufi kwa herufi. Kwanza usanifu: arm64 ni kwa simu za biti 64 kamili, lakini simu nyingi za bei nafuu zenye RAM ndogo zinahitaji a64, ambayo ni mseto; programu ya Treble Info itakuambia yako ni ipi. Kisha herufi tatu zinazofuata, kwa mfano bvN au bgS. Herufi b inaeleza mpangilio wa sehemu za mfumo. Herufi v ni mfumo mtupu na g ni wenye huduma za Google. Ya mwisho ndiyo inayotuhusu: S ina ruti ndani, N haina. Watu wengi hupakua S kwa kudhani ni toleo kubwa zaidi, wakawa na ruti bila kuiomba. Chukua N. Kwa simu yenye RAM ya GB 2, chukua pia v badala ya g, ukubali kuweka programu chache kwa mkono.

Hakiki faili kabla halijagusa simu. Kwenye Windows andika `certutil -hashfile` ukifuatisha jina la faili na neno SHA256, ulinganishe na namba iliyotolewa na mtengenezaji. Faili lililopita kwenye diski tatu za marafiki mara nyingi huwa limekatika mahali.

Kazi yenyewe ni fupi. Kwanza unalegeza ukaguzi kwa faili la vbmeta la simu yako mwenyewe: `fastboot --disable-verity --disable-verification flash vbmeta vbmeta.img`. Kisha `fastboot reboot fastboot` ili uingie kwenye fastboot ya ndani, kwa kuwa simu zilizotoka na Android 10 kwenda mbele zina sehemu zinazotanuka na ile ya kwanza haiziandiki. Halafu `fastboot flash system` na jina la faili, na `fastboot -w` kufuta data ya zamani. Ikisema nafasi haitoshi, hufutwa sehemu ya product, kwa kuwa GSI haiihitaji. Hakuna mahali katika mlolongo huu pa Magisk wala programu yoyote ya ruti. Fundi akiipachika mwishoni "ili ikae vizuri", mwambie aitoe.

Mfumo ukiwaka, Google inaweza kusema kifaa hakijathibitishwa. Kuna ukurasa wake wa kusajili namba ya kifaa, na baada ya muda Play Store inafunguka. Pesa ni habari nyingine. Menyu ya M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ya kubonyeza namba inapitia laini, haijali mfumo gani uko ndani, itaendelea kufanya kazi. Programu za benki ndizo zenye neno la mwisho. Zina njia ya kuiuliza Google kama butiloda imefungwa, na zikijibiwa hapana, zinaruhusiwa kukataa. Kama unatumia illicocash ya Rawbank au Pepele ya TMB kwa biashara ya kila siku, usiifungue simu hiyo. Kuna watakaokuambia weka ruti, kisha programu ya kuficha ruti, kisha nyingine ya kudanganya Google. Wanakuongoza kwenye kazi isiyoisha, kwa sababu Google hubadilisha ukaguzi na wewe unabaki nje siku ambayo mteja yuko Kampala anasubiri pesa.

Simu ikirudi mkononi, usiondoke mezani kabla hujaijaribu. Piga, upigiwe, na usikilize kama mwenzako anakusikia, maana kipaza sauti hukosewa mara nyingi kwenye GSI. Bonyeza *#06# ulinganishe na daftari. Weka laini zote mbili, tazama kama 4G inatokea. Fungua menyu ya pesa na uulize salio tu. Kamera ya mbele, kamera ya nyuma, Bluetooth, chaji. Kisha omba faili la mfumo wa kiwanda wa simu yako pamoja na nakala ya nvram, uziweke kwenye diski yako. Ukiwa Beni na fundi wako yuko Butembo, hutataka kuzitafuta upya kwa bando yako.

Na ukitaka kuiuza, usikimbilie kufunga butiloda huku mfumo wa kigeni ungali ndani. Butiloda, yule mlinzi wa lango, ataukagua, ataukataa, na simu haitawaka tena. Rudisha kwanza mfumo wa kiwanda ulio kamili, uiwashe mpaka mwisho ukiwa na hakika inafanya kazi, ndipo utume `fastboot flashing lock`. Itafutika tena. Toa akaunti yako, na umwambie mnunuzi kwamba iliwahi kufunguliwa. Kwa Samsung ataiona mwenyewe kwenye alama ya Knox, na ni bora aisikie kwako kwanza mkiwa bado mnaelewana bei.